Abiria Mmoja kwa Safari Moja: Somo la Kusema Mbele za Watu



Somo letu la mwezi huu linawahusu wote wanaosimama mbele ya wenzao na kusema: wanaosoma matangazo baada ya ibada, viongozi wa akina mama na vijana, wenyeviti wa bloku, wanaotoa ushuhuda, wanaoaga marehemu, na wale tunaowatuma watusemee wageni wakija. Shabaha ya somo ni moja. Ukimaliza kusema na kuketi, mtu wa safu ya mwisho awe na neno moja la kwenda nalo nyumbani.

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 4:10-16 na Nehemia 8:1-8.

MZEE WA MASABA

Baadhi yetu tulivuka mpaka Busia au Malaba mwezi wa Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya. Tulipokewa wilaya ya Tororo, tukakaa Mulanda, na baadaye mwaka huohuo tukaletwa huku Kiryandongo. Lakini mimi njia ya Busia niliijua tangu utotoni. Shangazi yangu aliolewa Masaba, upande wa Uganda, na kila kulipokuwa na msiba kwao tulivuka kwenda kuomboleza. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na kilio hakiulizi kipande cha kuvukia.

Msiba wa kule ni shule ya kusema. Chini ya mwembe mmoja wanakaa Wasamia, Wagwe, Wateso, Wapadhola kutoka upande wa Tororo, na wakwe waliotoka Mbale wanaosema Kimasaba. Kila msemaji ana mkalimani, pengine wawili. Na wasemaji ni wengi: ukoo, wakwe, chama cha kuzikana, shule alikosomesha marehemu, diwani, kanisa. Jua linapanda, akina mama wana watoto mgongoni, kaburi limekwisha kuchimbwa. Kufika msemaji wa tano, watu wamekwisha kuondoka moyoni ingawa miili imekaa. Utawajua: wanatazama chini, wanachora mchangani kwa kijiti.

Kulikuwa na mzee mmoja ambaye akisimama vijiti vilitulia. Ujana wake aliendesha baiskeli ya kubeba watu. Jina la boda boda lilizaliwa huko mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliovusha abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha pili, na mzee huyu alikuwa mmoja wao. Siku moja nilimsikia kwenye msiba wa baba wa watoto wanne. Alisalimu mara moja, kisha akasema hivi: "Marehemu ameacha watoto wanne. Shule inafunguliwa Jumatatu. Tusiondoke hapa kabla ya kujua nani atamsomesha nani." Akawataja watoto kwa majina, mmoja mmoja, nao wakasimama. Kisha akaketi. Hakufika dakika tatu. Kabla ya jua kutua kila mtoto alikuwa amepata mtu wa kumsomesha.

Nilimwuliza jioni ile, "Mzee, mbona wewe husemi mengi kama wengine?" Akanijibu: "Mwanangu, baiskeli ina kiti kimoja. Ukipakia watu watano, hakuna atakayefika. Abiria mmoja kwa safari moja. Na ukifika ng'ambo, geuka utazame kama ameshuka."

Neno ni abiria. Anayesema ni mwendesha baiskeli. Kazi yake haijaisha kwa kukanyaga pedali; imeisha abiria akifika.

KOSA LANGU MWENYEWE

Ningekuwa nimelishika neno lile mapema, nisingekosea kama nilivyokosea. Mwaka mmoja, mahali tulipokuwa tukikaa, walikuja wageni wa kuangalia hali zetu. Mimi kwa kuwa nilikuwa mwalimu nilichaguliwa kuwasemea wenzangu. Tatizo letu kubwa lilikuwa maji.

Nilisimama nikasalimu kila mgeni kwa cheo chake. Nikaeleza safari yetu tangu siku ya kwanza. Nikashukuru kwa mahema, kwa blanketi, kwa sufuria. Nikatoa methali mbili, nikazieleza. Nikasema habari za vijana, za michezo, za uzio wa shule. Nilipofika kwenye maji, mwenye ratiba alikuwa amekwisha kunivuta shati. Nikasema haraka, "Na pia tuna shida kidogo ya maji." Mkalimani alikuwa amechoka; maneno yangu yote ya mwisho aliyafunga katika sentensi moja, kwamba watu hawa wanashukuru sana. Wageni wakapiga makofi, wakapanda gari.

Jioni mama mmoja alinikuta njiani akiwa na jerikeni kichwani. Akaniuliza, "Mwalimu, uliwaambia?" Sikuwa na jibu. Tuliendelea kupanga foleni kwenye pampu ileile miezi mingi.

Baadaye nilijifunza kwamba mashirika ya misaada yana vipimo vinavyojulikana, vinavyoitwa viwango vya Sphere: pampu moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500, maji yasiwe mbali na nyumba zaidi ya mita 500, na kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Kumbe sentensi moja ingetosha: "Pampu yetu ni moja na sisi tumezidi elfu, tunaomba pampu ya pili." Mgeni angeiandika katika daftari lake. Mimi nilimpa mambo kumi, naye hakuandika hata moja.

Ndugu msomaji, ndiyo sababu somo hili si la watu wanaotaka kusifiwa kwa ufasaha. Huku kwetu neno lisipofika, mtu hulala na kiu.

HATUA SABA

1. Tafuta sentensi yako moja kabla ya kusimama.

Jiulize: wakisahau yote, wakumbuke nini? Andika sentensi hiyo kwenye kiganja au karatasi ndogo. Ikizidi maneno kumi na tano, bado hujaijua. Kama una mambo matatu yanayoshikana, yafunge katika fungu moja fupi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa rais, na aliijua kazi hii. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, aliwaambia watu wake kwamba mambo matatu ya kumpiga adui yapo: uwezo, sababu na nia. Basi. Hadi leo, wazee wa Tanzania na hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanayataja matatu hayo kwa mpangilio wake. Hotuba ndefu za mwaka ule nani anazikumbuka?

2. Mjue anayekusikiliza.

Neno moja haliwi sawa kwa kila kundi. Ukiwaambia vijana habari za malaria, sema habari za siku za mpira watakazozikosa. Ukiwaambia akina mama, sema habari za mtoto wa chini ya miaka mitano. Jiulize pia: wamekaa tangu saa ngapi? Wamekula? Wanaogopa nini?

Angalia mfano wa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Tarehe 30 Januari 1977 alihubiri huko Bushenyi, siku ya kuwekwa wakfu askofu wa Ankole Magharibi. Watu wengi walikuwa wameuawa katika utawala wa Amin, na maofisa wa serikali walikuwa wamekaa palepale. Alichukua neno moja: uhai wa mtu una thamani. Kisha akawauliza wenye mamlaka wanayatumiaje mamlaka waliyopewa. Hakutukana mtu. Alimjua kila aliyeketi mbele yake, mwenye bunduki na mwenye kilio, na neno lilelile moja likawafikia wote wawili. Hata hivyo tusidhani kusema kweli hakuna gharama. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari mwaka ule. Kivengere na mkewe Mera walitembea usiku milimani hadi Rwanda. Askofu Yona Okoth wa Bukedi, ambaye makao yake yalikuwa Tororo, alikimbilia Kenya. Walikuwa wakimbizi kama sisi, na Okoth alirudi akawa Askofu Mkuu mwaka 1984.

3. Ingia kwa mlango ulio karibu.

Mila zetu zinataka salamu, na salamu si kosa. Kosa ni kusalimu mpaka watu wachoke. Salimu wote kwa pamoja, mtaje mwenye makao au mkubwa wa siku, kisha ingia. Usianze kwa kuomba radhi: "Mimi si msemaji", "Sikujiandaa", "Nimeambiwa sasa hivi." Ukimwambia mtu chakula chako hakina chumvi, ataonja hicho hicho kukosa chumvi. Anza na jambo lenyewe, au swali, au kitu walichokiona wote asubuhi ile: "Nani hapa leo aliamka saa kumi kwenda kupanga foleni ya maji?" Mikono ikiinuka, umekwisha kuwapata.

4. Onyesha kitu kinachoonekana.

"Maji ni shida" ni maneno. "Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mama huyu anaibeba mara tatu kwa siku akiwa na mimba ya miezi saba" ni picha. Hesabu za karatasini zigeuze ziwe vitu vya nyumbani: vikombe, hatua, saa, siku za shule. Kama unaweza kuleta kitu chenyewe, kilete. Chandarua kilichochanika mkononi mwako kitasema kabla yako. Mzee wa Masaba aliwasimamisha watoto; hakuhitaji kueleza uyatima ni nini.

5. Mhurumie mkalimani wako.

Huku kwetu hotuba nyingi hupita midomo miwili, ya Kiswahili na ya Kiacholi, ya Kiarabu cha Juba, ya Kinuer au ya Kiingereza. Mkalimani si kipaza sauti. Ni mtu anayebeba mzigo wako. Kutana naye mapema, mweleze sentensi yako moja, mwandikie majina na tarakimu. Sema sentensi fupi, na usikate katikati ya wazo. Sikilizeni hatari hii. Msemaji anasema, "Kesho hakuna atakayepata mgao," anatulia. Mkalimani anatafsiri. Watu wanaanza kunung'unika, wengine wanasimama. Ndipo msemaji anamalizia, "kama hatakuja na kadi." Amechelewa, habari imekwisha kufika bloku ya pili. Ingetosha kusema: "Kesho mgao upo. Kila mtu aje na kadi yake. Asiye na kadi hatapata."

Epuka mafumbo na mizaha ya lugha moja, maana hufia njiani. Watazame watu, si mkalimani. Na kumbuka hesabu ya nusu: ukipewa dakika 20 na mkalimani, zako ni 10.

Kivengere huyohuyo tuliyemtaja alikuwa mkalimani mashuhuri. Mwaka 1960, mhubiri Billy Graham alipofika Tanganyika, yeye ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili. Alikuwa amefundisha Dodoma miaka mingi na lugha aliijua. Vijana wetu mnaotafsiri kila Jumapili, msijione wadogo. Kazi hiyo imewafundisha wengi kusema.

6. Sauti na mwili.

Mara nyingi tunasema nje, chini ya mti, bila umeme. Kabla ya kuanza, uliza safu ya mwisho: "Mnanisikia? Inueni mikono." Peleka sauti yako kwao na wa mbele watasikia tu. Usipige kelele; fungua kinywa, punguza mwendo, maliza kila neno. Simama mahali ambapo watu hawatatazama jua. Mvua ikipiga mabati, nyamaza au waimbishe wimbo, usishindane nayo. Ukitumia kipaza sauti, kiweke umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, wala usikipulizie. Mtoto akilia usimkemee mama yake.

Na hofu? Hata Musa aliogopa. Alisema kinywa chake ni kizito, akapewa ndugu yake Haruni amsemee. Ujumbe ulibaki wa Musa. Kinywa kilikuwa cha Haruni. Kwa hiyo asiyeweza kusimama si mtu asiye na neno. Amwandikie mwenziwe, au wasimame wawili. Na wewe unayetetemeka, shika kitu mkononi, kanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, vuta pumzi taratibu mara tatu. Sentensi ya kwanza ujue kwa moyo. Hofu nyingi huisha sentensi ya kwanza ikiisha.

7. Maliza, kisha keti.

Sote tunawajua wasemaji wa "kwa hayo machache" baada ya saa nzima, na wa "mwisho kabisa" inayorudiwa mara nne. Ukisema "mwisho", iwe mwisho. Rudia sentensi yako moja, sema unataka watu wafanye nini, lini na wapi, kisha keti. Neno la mwisho ndilo watakalotoka nalo langoni. Usilifunike kwa shukrani za mwenye viti.

KAMA ABIRIA AMESHUKA

Katika Nehemia sura ya 8, Ezra alisimama juu ya mimbari ya mti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, watu wote wakamwona. Wasaidizi wake walipita wakieleza maana hata watu wakafahamu. Walisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, na watu walisikiliza. Hapo tunajifunza jambo: watu hawachoshwi na urefu peke yake. Wanachoshwa na kutofahamu. Lakini Ezra alikuwa na wasaidizi wengi na kitabu kizima cha kusoma. Wewe una tangazo la kliniki.

Basi ukimaliza, fanya kama mzee alivyosema, geuka utazame. Usiulize "Mmeelewa?", kwa sababu watu wote hujibu "Ndiyoo." Mwulize mama mmoja wa safu ya nyuma, kwa upole, bila kumwaibisha: "Mama, ukifika nyumbani utamwambia nini jirani ambaye hakuja?" Akisema sentensi yako, abiria ameshuka. Akisema jambo jingine, kosa ni la mwenye baiskeli, si la mama. Sema tena kwa njia nyingine.

Mimi nilipata nafasi ya pili ya kuwasemea wenzangu, miaka kadhaa baadaye, mbele ya wageni wengine. Nilimwomba mama mwenye jerikeni asimame karibu nami nikiwa nasema. Nilisema sentensi nne. Mmoja wa wageni aliuliza swali, mama akajibu mwenyewe. Tulipomaliza, niliona mgeni yule anaandika, na nikajua anaandika nini, kwa sababu tulimpa jambo moja tu la kuandika.

MAZOEZI YA WIKI HII

Chukua tangazo moja utakalosoma Jumapili. Liandike katika sentensi moja. Lisome kwa sauti mara tatu ukiwa peke yako, mara ya nne mbele ya mtoto wa miaka kumi, kisha umwombe akuelezee. Asipoweza, punguza. Hesabu dakika kwa saa ya simu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Ni hotuba gani uliyosikia ukiwa hapa makazini ambayo bado unaikumbuka? Neno lake moja lilikuwa lipi?

2. Umewahi kuona neno likiharibika kwa mkalimani? Kosa lilikuwa la nani, na lingezuiwaje?

3. Kikundi chako kikipewa dakika tatu tu mbele ya wageni, mtasema sentensi gani? Kubalianeni, mwiandike, na mchague wa kuisema.

4. Ni nani kati yetu ana neno lakini anaogopa kusimama? Nani atakuwa Haruni wake?

Mungu awabariki mnapojiandaa. Na Jumapili ijayo, ndugu msoma matangazo, tutakuwa tumekaa safu ya mwisho tukikusikiliza.